Siku Nilipopanda Dari ya Mambrui Bila Kuita

Vijana wangu mnaotembeza wageni Malindi, barua yenu imenifikia. Mmeniomba kurasa chache za kijitabu chenu, niwaelekeze namna ya kuuzuru "mji mkuu" wa ile sinema iliyopigwa kwetu miaka ya themanini, na mkaniongezea kwa adabu kwamba niandike mambo ya kuchekesha. Ya kuchekesha yapo. Yasomeni kwanza, maana mbele huko mimi mwenyewe sitacheka.

Jambo la kwanza mjue kwamba mji mkuu huo haupo. Sinema ilikuwa ya sultani wa kubuni katika nchi ya kubuni, na wenye sinema walikosa ruhusa ya kuipiga kwenye mji walioutaka. Basi wakaja pwani yetu wakajishonea mji kwa viraka. Lango la kasri ni Mambrui. Ukumbi wa kupokea wageni ni nyumba moja ya Malindi mjini. Soko ni Kakuyuni, walikomwaga nazi na mihogo mingi hata wapitaji wakauliza harusi ni ya nani. Bandari ni Ngomeni. Gereza ni ghala kuukuu la Mnarani, ng'ambo ya Kilifi. Kwenye picha sultani anatoka langoni Mambrui, anapiga kona moja, anaingia gerezani Mnarani. Daraja la Sabaki hakulivuka wala feri ya Kilifi hakuipanda. Niliwahi kuwa na mgeni aliyekasirika kabisa nilipomwambia tupande gari ili twende gerezani. Alisema mimi ni tapeli, ameona kwa macho yake kwamba gereza liko nyuma ya kasri. Nikamzungusha nyuma ya kasri, nikamwonesha mbuzi watatu na kamba ya nguo.

Mimi si mzaliwa wa pwani ya chini. Nilizaliwa Mariakani, baba yangu akifanya kazi ya maziwa, na Malindi nilikuja kuendesha gari la hoteli. Wapiga picha wa kalenda na matangazo walipoanza kuja, mimi ndiye niliyekuwa nikiwapeleka huku na huku, na kwa kuwa dereva anajua njia, wakadhani anajua na mahali. Hayo ni mambo mawili tofauti. Njia niliijua, mahali nilifundishwa na Fundi Omari.

Fundi Omari alikuwa mwashi wa Mambrui, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoliwa na chokaa. Hakukuwa na nyumba ya mawe kutoka Mambrui hadi Malindi ambayo hakupata kuikarabati. Nilimwendea siku moja kumuuliza dari ipi inaweza kubeba watu wanne na sanduku zao, akanitazama kwa huruma kama mtu anayetazama punda aliyevikwa kofia. Tangu siku hiyo nikawa nampitia kila nilipopata kazi, naye akawa anakuja, anakaa kiti cha mbele, ananifundisha bila kuniuliza kama nataka.

Ujuzi wake nawapeni bure. Dari ya zamani, yaani ile sakafu ya juu iliyo bapa, imelala juu ya boriti. Boriti ikiliwa na mchwa huwezi kuona kwa macho. Piga kisigino, usikilize. Sauti ikiwa nzito, panda. Ikiwa nyepesi, shuka polepole na usirudi ulikokanyaga. "Tembea kandokando ya ukuta," alikuwa akisema. "Kati ni pa kunguru." Jua nalo alinifundisha kulipima kwa mkono: nyoosha mkono mbele yako, weka vidole vinne kati ya jua na ukingo wa nyumba ya mkabala. Vidole vinne ni saa moja ya mwanga. Sijui simu zenu zinasemaje, lakini vidole havijawahi kunizimikia.

Bahari hakunifundisha kwa wakati, na nililipa kwa aibu. Nilikwenda Ngomeni asubuhi moja nikakuta maji yamejaa, mashua zinaelea, mahali pamependeza. Nikawaambia wenye sinema, hapa ndipo bandari, njooni wiki ijayo saa kama hizi. Wiki iliyofuata tulifika na magari matano, na sultani amevaa joho la dhahabu. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zimelala ubavu kwenye tope, na kina mama wanachokoa chaza mahali nilipoahidi mawimbi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akamtazama sultani, akanitazama mimi.

"Huyo mfalme wenu," akauliza, "yuwaja kwa miguu?"

Fundi Omari aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia kila mtoto wa pwani anajua kwamba saa ile ile baada ya juma moja maji huwa kinyume. Mimi mtoto wa Mariakani nilijua maziwa.

Lakini somo kubwa kwake halikuwa bahari wala boriti. Lilikuwa hodi ya juu. Nyumba za Mambrui zimebanana, na ukisimama juu ya dari moja unaona ndani ya nyua za majirani. Uani ndipo mwanamke alipo huru. Anafua, anasuka, anakaa bila mtandio kichwani. Kwa hiyo mwashi hapandi tu. Anasimama chini, anaita kwa sauti mara tatu: "Fundi apanda! Fundi apanda! Fundi apanda!" Kisha anangoja muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Wenye kuingia ndani wanaingia, wenye kujifunika wanajifunika, mtoto mmoja anajibu kutoka uani, "Panda!" Hapo ndipo anaweka mguu kwenye ngazi. "Hodi ya mlango ni ya nyumba moja," aliniambia. "Hii ni ya nyumba saba."

Mara ya kwanza nilipokwenda naye sikungoja. Nilikuwa na mpiga picha wa kalenda mwenye haraka, nikaanza kupanda wakati Fundi yuko kwenye mwito wa pili. Akanikamata upindo wa suruali akavuta. Mimi nilishikilia ngazi, suruali ikamfuata yeye. Mtaa mzima ulicheka, na mpiga picha akapata picha ambayo namshukuru Mungu haikuingia kwenye kalenda. Fundi hakucheka. Alinipa suruali yangu akaendelea na mwito wa tatu.

Nyumbani kwake nilikuwa nikila karibu kila Ijumaa, japo mimi ni mtu wa kanisani. Nilikaa kwenye daka, lile baraza la mlangoni penye viti vya mawe, na mkewe, Bi Zuhura, alikuwa akipitisha sinia kwa upenyo wa mlango. Sauti yake niliijua vizuri. Uso wake niliuona alipopita na buibui kwenda kwa nduguze. "Shikamoo, Bi Zuhura." "Marahaba, mwanangu. Wali wa leo usiuache, una samaki wa kupaka." Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na neno hilo "mwanangu" hakulitumia ovyo.

Fundi Omari alikufa kwa homa, miezi miwili kabla ya wenye sinema kufikia kazi ya Mambrui. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama makaburini. Bi Zuhura akaingia eda. Ninyi ambao si wa dini hiyo mjue kama nilivyojua mimi: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatumii manukato, hatoki bila dharura, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Nasisitiza kwamba nilijua. Msije mkaniombea udhuru wa kutokujua.

Mwongozaji wa sinema tulimwita Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Alikuwa anakula tunachokula na alijifunza kusema "pole" akaisema panapostahili. Alikuwa ameniahidi kwamba kazi ikienda vizuri atanichukua kwenye sinema yake inayofuata, niwe mtafutaji wa mahali kwa mshahara wa kudumu, nisafiri, nione dunia. Nilikuwa kijana. Usiku na mchana niliiwaza ndege.

Alitaka picha moja ya mji mkuu kutoka juu, dari kwa dari, mchana wa alasiri, watu wakiwa katika shughuli zao. Nikamtafutia dari ya Bwana Salimu, jirani wa Fundi Omari. Ndiyo iliyokuwa imara kuliko zote. Nilimwendea mwenyewe Bwana Salimu barazani, nikamweleza.

"Pandeni," akasema. "Lakini mwaijua ada."

"Naijua, Bwana Salimu. Amenifundisha Fundi mwenyewe."

"Mungu amrehemu. Basi sina neno."

Siku mbili za kwanza tulipanda kupima mwanga, na nikaita kama nilivyofundishwa. Mara tatu, nikangoja, mtoto akajibu. Tulipofika juu, nyua zote zilikuwa tupu. Kamba za nguo, mitungi, kuku. Bwana Miwani akazunguka huku na huku akishika kiuno.

"Mji umekufa," akaniambia. "Watu wako wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Kesho usiite. Fundi wa sauti anarekodi, na mimi nataka mji unaoishi. Tutapiga kwa mbali, hakuna sura ya mtu itakayojulikana."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, basi tafuta mtu mwingine. Ningeweza hata kwenda nyumba kwa nyumba asubuhi yake kuwaambia kina mama kwamba alasiri tutakuwa juu kimyakimya. Hili la mwisho lilinijia akilini, nikalifukuza, kwa kuwa nilijua wangeingia wote ndani na Bwana Miwani angekuta tena kuku na mitungi.

Alasiri ya tatu tulivua viatu tukapanda bila neno. Nilitembea kandokando ya ukuta kama nilivyofundishwa, nikawaonesha wengine pa kukanyaga. Ninyi chekeni mkitaka: somo la boriti nililifuata barabara. Kamera ikawekwa. Mpiga kamera akaanza mbali, upande wa baharini, akaja dari kwa dari, taratibu, akateremsha jicho la kamera kwenye ua uliokuwa chini yetu kabisa.

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda. Amevaa kanga kuukuu, kichwa wazi, ametoka kuoga, anakausha nywele kwa jua. Zilikuwa nywele nyeupe zaidi ya nilivyodhania. Alikuwa akizipitisha vidole polepole, na midomo yake ilikuwa inacheza, labda alikuwa akisoma dua, labda alikuwa akizungumza na mumewe.

Nilimjua mara ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, hatua moja. Kukohoa tu kungetosha. Kikohozi kimoja, angeinua macho, angekimbilia ndani, na Bwana Miwani angenikasirikia mpaka jioni. Muda ulikuwepo. Mpiga kamera hakuwa na haraka, alimpenda sana mama yule. Niliuma midomo nikangoja hadi Bwana Miwani alipoinua kidole gumba. Tukashuka kama tulivyopanda, na Bi Zuhura hakuinua uso hata mara moja.

Nilijiambia wataikata. Nilijiambia itakuwa ndogo, haionekani. Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi maneno.

Wenye sinema walifunga sanduku zao wakaondoka. Barua ya kazi sikuiona. Ile ndege niliyoiuzia adabu yangu haikutua, na nadhani Bwana Miwani alishanisahau kabla hajafika uwanjani.

Mwaka uliofuata mgeni mmoja alikuja na kanda ya video. Meneja wa hoteli akaiweka ukumbini mchana baada ya chakula, wageni wakaketi mbele, sisi wafanyakazi tukasimama nyuma. Tulicheka kumwona sultani wa Ngomeni akiruka tope. Tulipiga kelele kila mtu alipoona kwao. Kisha zikaja dari za Mambrui, na ua, na kigoda. Haikuwa mbali na haikuwa ndogo. Walikuwa wamemsogeza karibu hadi uso wake ukajaa kioo, na wakatia na muziki.

Mwanaisha, aliyekuwa akifua nguo za hoteli, alikuwa amesimama ubavuni pangu. Ni mpwa wa Bi Zuhura.

"Yule ni shangazi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akanigeukia. "Daudi, yule ni shangazi yumo edani!"

Yeye akatoka, na hadi nilipostaafu hakunisalimu tena.

Habari zilifika Mambrui siku ile ile. Bi Zuhura alimwuliza shehe wake kama eda yake ilikuwa imeharibika, na shehe akamwambia haikuharibika, hana dhambi, dhambi ni ya waliotazama. Alishukuru. Baada ya hapo akaita mafundi wakauezeka ua wake wote kwa mabati, kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba ile haikupata tena jua.

Mngetarajia niache. Sikuacha. Wageni walioiona sinema walikuwa wanafika hotelini wakiulizia mji mkuu, na meneja akanipa kazi ya kuwazungusha. Ndiyo hiyo njia mnayoiulizia. Lango, soko, bandari, gereza, na kila mara mtu angeuliza, "Na yule mama wa nywele? Ua wake uko wapi?" Nami nikawapeleka. Nilikuwa napanda nao dari ya jirani mwingine, kwa kuwa Bwana Salimu alinifungia mlango, na wakati huo nilikuwa naita vizuri kabisa, mara tatu, kama mcha Mungu. Wanafika juu, wanaona mabati. Misimu miwili niliifanya kazi hiyo.

Siku moja mgeni mpole, mzee wa umri nilio nao leo, alisikitika kwamba mabati yameharibu uzuri wa mahali. Akaniomba nimwulize mwenye nyumba kama bati moja mawili yanaweza kuondolewa kwa muda mfupi, apige picha tu. Nikamwambia nitauliza. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikamwacha kwenye gari nikaenda hadi dakani kwa Fundi Omari, mahali nilipokula Ijumaa nyingi na ambapo sikuwa nimekanyaga tangu msiba.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni Daudi. Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Keti. Umekula?"

Sinia lilikuja kwa upenyo wa mlango kabla sijajibu. Ombi la yule mgeni lilinikaukia mdomoni. Badala yake nikaanza kusema yale mengine, bila mpango, wali umo mkononi. Nikamwambia ni mimi niliyewapandisha. Akasema anajua, Bwana Salimu alimwambia. Nikamwambia sikuita.

"Hilo pia nalijua," akasema kutoka nyuma ya mlango. "Ndipo nalikaa uani. Miaka thelathini mume wangu alikuwa akipanda dari za watu, na watu wote wa mtaa huu wajua kwamba mtu hapandi kimya. Siku ile nalitega sikio kwanza. Sikusikia mtu. Nikavua mtandio."

Nililia, vijana wangu, na sioni haya kuliandika.

"Wewe ulikuwapo juu mwenyewe?"

"Nilikuwapo."

"Na ukanijua?"

"Nilikujua, Bi Zuhura. Naomba unisamehe."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kunikaribisha wali, "Nimekusamehe, mwanangu. Duniani na akhera. Sasa nenda kanitoe mle."

Nikamweleza kwamba siwezi. Kwamba kanda zimeenea nchi nisizozijua, ziko kwenye maduka na majumba ya watu, na sijui hata pa kuandikia barua. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza Bwana Miwani, hadi mwisho.

"Basi," akasema, "wenzangu huingia eda wakatoka."

Nilimaliza wali, kwa maana kuuacha kungekuwa kumtukana mara ya pili. Nikalirudisha sinia mlangoni, akalipokea, akaniombea njia njema. Yule mgeni nilimwambia haiwezekani, na sikumpeleka mtu Mambrui tena. Bi Zuhura amekwisha kufariki, amezikwa karibu na mumewe. Mle kwenye sinema bado amekaa kwenye kigoda, anapitisha vidole kwenye nywele zake, na kila anayemtazama anamtazama kutoka pale nilipokuwa nimesimama, nimeuma midomo.